Kesi ya Bundi na Mibuyu ya Chunguni

Mwaka mmoja, kaskazi ilipoanza kusukuma mawingu kutoka baharini, Kozi alitua Chikongola, Mtwara, juu ya mbuyu mkubwa ambao wanyama wa mtaa ule walikuwa wakifanyia baraza chini yake. Alikuwa mmoja wa wale kozi wadogo wanaozaliwa kandokando ya mto Amur, huko Siberia na China ya kaskazini, ambao kila mwaka hupitia India, wakavuka Bahari ya Hindi, wakashuka hadi kusini mwa Afrika. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na kumbikumbi wametoka. Akakaa siku chache ajaze tumbo kabla ya kuendelea na safari.

Jioni wanyama walimzunguka wapate habari za ng'ambo.

"Kwetu kuna miti mirefu isiyo na mwisho," Kozi alisema, "lakini mliyonifanya niikumbuke hapa ni ile mifupi. Ina shina nene la mti mzee, ina matawi yote, na haivuki goti la binadamu. Inaishi ndani ya chungu. Wachina ndio walioanza. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, wamechorwa ukutani watumishi waliobeba sinia zenye vimiti na mawe. Wajapani wakajifunza kwao, wakaiita bonsai. Ndege wa upande ule hunisimulia habari za msonobari mmoja ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625. Mwaka 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa kilomita kama 3 kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa nyumba ya akina Yamaki. Ukapona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Wamarekani, nao uko Washington hadi leo, unatoa majani."

"Karne kama nne chunguni, na bado uhai!" Sungura alisema. "Sisi tunashindwa nini?"

"Ngojeni, sijamaliza," Kozi alisema. "Sijawaambia unavyotunzwa."

Kunguru akamkatiza. "Njomba, tumeshakuelewa. Chungu, udongo, mti, maji. Kuna nini tena hapo?"

Kozi alitazama huku na huku, akaona macho yote yameshashuka ardhini kutafuta miche. Alfajiri akaondoka.

Miche haikuwa shida. Kwa miaka mingi nyani wamekula mabuyu ya Chikongola, na mbegu ya mbuyu ina ganda gumu linaloweza kuilaza ardhini muda mrefu sana, ila ikipita tumboni mwa mnyama hulainika na kuamka upesi. Nyuma ya soko palikuwa na miche ya kimo cha mkono, kila mmoja na mzizi mnene uliojaa maji chini yake. Wanyama wakaigawana, kila mmoja akaenda na wake.

Chura alipanda wake katika kopo la rangi. Kopo halikuwa na tundu hata moja, na hilo lilimfurahisha, kwa kuwa hakuna tone lingepotea. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia mchana, na usiku akikosa usingizi aliamka akamwagilia tena. Majani yalipoanza kulegea, alisema mti una kiu.

Kaa alitaka mchanga safi, akauchota pwani ya Shangani, mweupe usio na takataka. Maji aliyatoa palepale alipochota mchanga. Kuku aliujaza mtungi wake samadi yake mwenyewe, mbichi, yenye moto, akasema hakuna mama anayemnyima mwana chakula. Komba, aliyekuwa na sumu ya pombe ya uraka kichwani tangu msimu wa korosho, aliogopa wezi. Akauficha mti darini, chini ya makuti, penye ufa mmoja tu wa mwanga, naye akawa anakwenda kuutazama usiku.

Tumbili alikuwa na mikono isiyotulia. Siku ileile aliyoung'oa mche aliukata nusu ya mizizi, akaufyeka matawi, akaunyonyoa majani, akauzungushia waya wa kufungia nondo alioupata kwenye nyumba inayojengwa. "Udongo uwahi ungali maji," alisema, "na samaki mkunje angali mbichi." Kisha kila baada ya siku mbili tatu aliuchomoa chunguni aone kama mizizi mipya imetoka, akaurudisha, akaushindilia.

Sungura peke yake alifanya kazi kwa akili. Alitafuta chungu kipana akakitoboa matundu chini. Alivunja vipande vya matofali, akavichekecha kuondoa vumbi, akavichanganya na udongo wa shambani ili maji yapite. Aliuweka mti penye jua la asubuhi. Kila siku alitumbukiza kidole kwenye udongo kabla ya kushika kata, na kama bado palikuwa na unyevu, hakumwagilia. Masika yote mti wake ulikuwa unapendeza. Majani ya kwanza yalitoka mojamoja, kisha yakaanza kutoka yale ya vidole vitano, na wapita njia walisimama kuutazama.

Kunguru naye alitangaza kila mahali kwamba ana mbuyu. Hakuna aliyemwona akichimba.

Kufikia mwezi wa pili mti wa Kaa ulikuwa umebabuka kingo za majani, kisha ukakauka. Wa Kuku ulianguka ndani ya wiki. Wa Chura ulilala ubavuni. Wa Komba ulirefuka upesi, mwembamba na mweupe, Komba akajigamba juu ya urefu huo, na siku moja akaukuta umepinda na hauinuki. Wa Tumbili ulibaki kijiti. Kila mmoja, akiisha kuona mti wake umekufa, alibeba chungu na vyote vilivyomo usiku usiku akaenda kukitupa jalalani. Hakuna aliyetaka kuonekana.

Mwezi wa sita kipupwe kilipoingia, majani ya mti wa Sungura yalianza kugeuka manjano. Yakaanguka moja, mawili, yote. Sungura alipagawa. Alimwagilia mara moja kwa siku, kisha mara mbili. Aliuhamishia kivulini, akaurudisha juani. Kufikia mwezi wa nane shina lilikuwa laini akilibonyeza. Mvua mpya ilipokuja na mibuyu yote ya Mtwara ikavaa majani, wa Sungura haukuamka. Naye akautupa, akalia hadharani, na kilio chake ndicho kilichoamsha mtaa. Kama aliyefuata kila hatua amepoteza mti, basi hapa pana mkono wa mtu.

Kunguru alikuwa na jina tayari.

"Ndugu zangu," alisema mbele ya baraza, "Chura, siku mti wako ulipokufa, nani alikuwa juu ya paa usiku ule?"

Chura alifikiri. "Bundi."

"Komba, wewe huamka usiku. Nani ulimwona karibu na makuti yako?"

"Bundi," Komba alisema.

"Sungura?"

Sungura alifuta machozi. "Alikuwepo. Nilimsikia akilia."

Bundi alikuwepo kila usiku wa mwaka ule, kwa hiyo alikuwepo pia usiku wa kila kifo. Lakini hesabu hiyo haikufanywa na mtu. Minong'ono ilipita kutoka kiti hadi kiti: macho yake makubwa, sauti yake, ujane wake, tabia yake ya kukaa kimya wengine wakizungumza. Kila aliyekuwa na aibu ya chungu chake aliona aibu ile inampungukia kadiri jina la Bundi lilivyozidi kutajwa.

Kunguru akapendekeza hukumu. Bundi avushwe ghuba akakae Msangamkuu, asirudi. Na lile pango lake lililomo katika shina la mbuyu mkubwa, pango zuri lisiloingia mvua, yeye Kunguru yuko tayari kulitunza kwa niaba ya baraza.

Jumbe Nyani alimgeukia Bundi. "Bibi, una la kusema?"

"Nimekaa juu ya mapaa yenu," Bundi alisema. "Hilo ni kweli. Mizizi ya mbuyu mchanga ni mitamu, na panya wanaijua. Mimi hula panya." Akanyamaza, kwa sababu alijua kwamba kwa siku ile kila neno lake lingegeuzwa ushahidi.

Wakati huo Bi Kobe alikuwa amefika katikati ya uwanja. Alikuwa ameanza safari tangu baraza lilipofunguliwa.

"Jumbe," alisema, "hapa tunashtaki vifo saba. Marehemu wako wapi?"

"Jalalani, Bibi."

"Nani amewatazama mizizi?"

Hakuna aliyejibu.

"Bibi Kobe," Jumbe alisema kwa upole, "kuna faida gani kufukua maiti? Miche ipo. Tumalize jambo hili la Bundi, mwaka huu tupande miti mia, na iliyobaki tutaiona."

"Mia," Bi Kobe alisema. "Mimi nilikuwa nimeshazeeka mwaka 1947, Waingereza walipokuja na hesabu ya namna hiyo. Vita vilikuwa vimewaacha na njaa ya mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Hawakujaribu kwanza shamba dogo. Hawakukaa wakaijua mvua ya mahali. Kongwa, matingatinga yalihangaika na mibuyu, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zilizoota hazikung'oleka. Mavuno yalipokuwa mabaya, jibu lilikuwa kuongeza mashine. Bandari hii ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ya kwenda Nachingwea ilitandikwa kwa ajili yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda. Bandari tunayo, na tunashukuru. Reli iling'olewa miaka ya 1960, na mjini petu limebaki jina lake tu. Waliokuja na ekari milioni 3 walikuwa wageni wa udongo huu, na ugeni si kosa. Kosa ni kupanda tena bila kuuliza ya kwanza ilikufa kwa nini. Nyinyi mna maiti saba, na kila mmoja anaweza kusema. Twendeni tukaisikilize. Baada ya hapo, kama bado mtamtaka Bundi, mtamchukua."

Jumbe hakuweza kumkatalia mzee kama yule mbele za watu. Baraza lote likaenda jalalani, Kunguru akiruka nyuma ya wote.

Walianza na kopo la Chura. Walipoliinamisha, maji meusi yakamwagika na harufu ikawarudisha nyuma. Bi Kobe alishika mzizi, ganda lake likavuka na kubaki mkononi.

"Umeoza," alisema. "Mizizi hunywa, lakini pia huvuta pumzi. Kopo halina pa kutolea maji, na wewe kila siku uliongeza."

Chura alikuwa anatetemeka. "Mimi huishi majini, Bibi. Nilidhani nampa kilicho bora."

"Ulimpa kilicho bora kwako. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ungetoboa matundu, na ungeuacha usikie kiu kidogo, ungekuwa nao leo."

Chungu cha Kaa kilikuwa na utando mweupe juu ya mchanga. Bi Kobe aliugusa kwa ulimi. "Chumvi. Mikoko ya Mnazi Bay imeumbwa kuivumilia. Mbuyu haukuumbwa hivyo." Mtungi wa Kuku ulikuwa na vijimizizi vya kahawia vilivyosinyaa vyote. "Samadi yako ni mali, mama. Iache ioze miezi kadhaa kwanza, kisha uweke kidogo. Mbichi inaunguza." Kwa Komba hakuhitaji hata kufukua. Alionyesha shina lililorefuka na kupinda upande mmoja. "Tazameni lilikoelekea. Lilikuwa linautafuta ule ufa. Mti hula mwanga, Komba, na wewe uliufungia gizani kwa kuupenda."

Walipofika kwenye chungu cha Sungura, wengi walisogea karibu. Hiki ndicho kilichomleta Bundi kizimbani. Bi Kobe alikikagua chini: matundu yapo. Akamimina udongo: vipande vya matofali, safi, vilivyochekechwa. Sungura alisimama wima, na baadhi ya wanyama wakaanza kumtupia Bundi macho. Ndipo Bi Kobe akaupasua mzizi mnene. Ndani ulikuwa mweusi na umekuwa uji.

"Ulioza mwezi gani?" aliuliza.

"Ulianza kulainika mwezi wa nane."

"Majani yalianguka lini?"

"Mwezi wa sita. Yalipoanguka nikaongeza maji, Bibi. Niliongeza sana."

Bi Kobe aligeuza shingo yake kuelekea uwanjani, kwenye mbuyu mkubwa. "Ule kule uliangusha majani lini?"

Sungura alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Mwezi wa sita," Bi Kobe alisema. "Unafanya hivyo kila mwaka, tangu kabla ya bibi yangu. Kiangazi mbuyu huangusha majani, hulala, huishi kwa maji uliyoyaweka shinani na mizizini. Tulikaa chini yake miezi yote ile ukiwa mtupu, na hakuna aliyeupelekea hata kata moja ya maji. Wako ulipolala, uliudhani unakufa. Ukaunywesha usingizini, na mti usio na majani hauna pa kuyapeleka maji. Kazi yako yote ilikuwa njema, mwanangu. Ulikosa jambo moja, nalo lilikuwa juu ya kichwa chako."

Sungura alikaa chini. Kwa kitambo kirefu hakusema. Kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Si Bundi."

Ikabaki miti miwili. Wa Tumbili haukuonekana pale ulipotupwa. Waliutafuta kati ya vifusi na majivu, na Kuku ndiye aliyeuona: kijiti kilekile, waya umekiuma ganda na kuacha kovu la kuzunguka, lakini chini ya waya pametoka vichipukizi vitatu vya kijani. Bi Kobe alikwaruza ganda kwa ukucha. Ndani palikuwa pabichi.

"Huu haujafa," alisema. "Ulitupwa kwenye kifusi kisichotuamisha maji, ukaachwa ukalala kiangazi chote, mvua ikauamsha. Hapa jalalani hakuna aliyeuchomoa."

Tumbili alichukia. "Bibi, unatuambia tutazame mizizi. Mimi nilitazama mizizi kila baada ya siku mbili, na wewe unanilaumu."

Lilikuwa swali la haki, na Bi Kobe alilichukua hivyo. "Uliufukua ulipokuwa hai, ukaacha kuufukua ulipodhani umekufa. Aliye hai mwache afanye kazi yake. Ukimkata mizizi leo, usimkate matawi leo, na waya usubiri hadi apone. Samaki mkunje, ndiyo, lakini hukuambiwa umvunje. Anayepaswa kuulizwa ni aliyekufa, kwa sababu yeye hatadhurika na maswali yako."

Chungu cha mwisho kilikuwa cha Kunguru. Kunguru alisema haoni sababu ya kupoteza muda, kesi imeshaeleweka. Jumbe Nyani akakipindua mwenyewe. Kikatoka kijiti kilichovunjwa juu ya mche wa mtu mwingine, kimechongoka chini, hakina mzizi hata mmoja wala dalili ya kuwahi kuwa nao.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamemfuata mwenye kijiti kile, tena kwa moyo mweupe.

Bi Kobe aliwachukua hadi nyuma ya kibanda chake. Huko kulikuwa na mibuyu yake mitano. Mitatu ilikuwa ardhini bado, miwili katika vyungu vilivyovunjika kingo. Kwenye shingo za mizizi palikuwa na alama za meno, za zamani, zimeshafunga kovu. "Mwaka juzi nilikuwa na tisa," alisema. "Panya walinilia minne. Niliifukua yote minne, nikaona meno. Kisha Bundi akaanza kukaa juu ya paa hili, na meno mapya hayakuonekana tena. Chini ya paa mtaona matonge ya manyoya na mifupa anayotema. Hesabuni mafuvu ya panya, mkipenda."

Walihesabu. Yalikuwa mengi kuliko wao.

Jioni ile kaskazi ilileta makundi ya kozi, na Kozi wa mwaka jana akatua mahali pake. Safari hii hakuna aliyemkatiza. Aliwaambia alichokuwa amebaki nacho: kwamba chungu ndicho kitu cha mwisho, si cha kwanza. Mti uachwe ardhini miaka mingi unenepeshe shina, kwa kuwa ukiingizwa chunguni ukiwa mwembamba, utabaki mwembamba karibu vilevile. Anayeanza awe na miti kadhaa, asije akauua mmoja kwa kuushikashika kutwa. Wa chunguni kina kifupi hukauka upesi juani, kwa hiyo mwenye safari amwachie jirani. Na kila mtunzaji mkubwa wa huko anakotoka ana miti aliyoizika kabla ya ile anayosifiwa kwayo. Msonobari wa akina Yamaki ulipita mikononi mwa vizazi, na kila kizazi kilikifundisha kinachofuata kabla ya kukikabidhi.

"Mbona hukutuambia mwaka jana?" Kuku aliuliza.

"Niliwaambia ngojeni," Kozi alisema.

Baraza likatunga sheria palepale: hakuna chungu kitakachotupwa Chikongola kabla hakijafunguliwa mbele ya watu, na aliyepoteza mti asionewe haya, kwa kuwa anachokileta ni elimu ya wote. Kisha Jumbe Nyani akasimama mbele ya Bundi, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa niaba ya mtaa. Wengine wakafuata. Kunguru alikuja wa mwisho.

Bundi aliwapokea. Halafu akasema maneno ambayo Chikongola haijayasahau.

"Nimepona kwa sababu mizizi ilikuwepo, na Bi Kobe alikuwa hai wa kuisoma. Nashukuru. Lakini si kila msiba una chungu cha kupindua. Mtoto atafariki na hamtajua kwa nini. Kisima kitakauka. Homa itapita nyumba kwa nyumba. Siku hiyo hakutakuwa na jalala la kwenda. Mtafanya nini na mimi siku hiyo?"

Jumbe alitafuta jibu. Wazee walitazamana. Ni Sungura aliyesema, yule aliyekuwa amepoteza zaidi ya wote kwa kuwa alikuwa amejitahidi zaidi ya wote.

"Siku hiyo tutasema hatujui."

"Na mtaweza?" Bundi aliuliza. "Ni neno gumu. Nimeona watu wakiona ni rahisi kumfukuza kikongwe nyumbani kwake kuliko kulitamka."

"Tutajifunza," Sungura alisema. "Tutakosea kwanza, kama kwenye miti. Lakini tutajifunza."

Sheria ya pili ikaongezwa chini ya ile ya kwanza: ambapo mizizi haionekani, baraza litasema halijui, litaendelea kutafuta, na katika muda huo hakuna jina la mtu litakalotajwa.

Msimu uliofuata miti ilikufa tena Chikongola, michache kuliko ya mwanzo. Chura alipoteza mmoja kwa ukame, kwa kuwa sasa aliogopa maji kupita kiasi, akauleta mwenyewe barazani ukiwa mkavu mikononi, akaeleza alivyofanya, na vijana wakakaa kumsikiliza. Mti wa Tumbili, wenye kovu la waya, ulikuwa umerudishwa ardhini, na mwenyewe alikuwa amejifunza kuupitia mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

Kisha mwezi wa tatu mayai ya Kanga yakapotea yote kwa usiku mmoja. Hapakuwa na ganda, hapakuwa na nyayo, mvua ilikuwa imefagia kila kitu. Kanga alilia hadi sauti ikakauka. Barazani Kunguru alisogea mbele, akakohoa kusafisha koo, na wote wakaona macho yake yanapanda taratibu kuelekea pango la mbuyu.

Kabla hajafungua mdomo, vifaranga vya Kuku, ambavyo mwaka wa kesi vilikuwa bado ndani ya mayai, vilisimama pamoja.

"Hatujui bado," vikasema. "Twendeni tukamsaidie Kanga kutafuta."

Baraza likainuka, likaenda.